Harufu ya Jike Mwingine

Hildegarda wa Lumuma alikuwa na mdomo, na shemeji yake Donati alikuwa na roho mbaya. Kijiji kizima kiliwajua hivyo. Tangu mume wa Hildegarda azikwe, na Donati aanze kudai mashamba ya huyo marehemu mdogo wake, wawili hao hawakupikika chungu kimoja.

Kazi ya Hildegarda ilikuwa mtego. Serikali ilimpa zamani: chombo cha plastiki juu ya nguzo, ndani yake kipira chenye harufu ya nondo jike. Madume ya nondo wanaozaa viwavijeshi hufuata harufu hiyo wakidhani wameitwa, wakatumbukia. Wakizidi, Hildegarda hutangaza, watu wakatafuta dawa kabla mahindi hayajaliwa. Akisema hakuna, watu hulala usingizi. Neno lake lilisikilizwa, na alilipenda hilo kuliko alivyokubali.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akauza kila kitu, na vipira vya bure vikakoma. Hildegarda akashuka Kilosa mjini, akaingia duka la pembejeo, akaomba kipira cha nondo. Akapewa cha nondo. Nani angeuliza nondo yupi?

Kila asubuhi mtego ulijaa. Lakini hawa walikuwa na michirizi myeupe mbawani, wale wa kwenye pamba.

"Si wenyewe," alisema, akawamwagia kuku. Wenyewe hakuona hata mmoja, basi akawaambia watu mwaka huu ni salama.

Donati, mwenye bomba pekee la kunyunyizia dawa pale kijijini, akasema nondo wenyewe wanaizingira karabai yake kila jioni.

"Mroho mkubwa!" Hildegarda akamjibu nje ya kanisa, watu wote wakisikia. "Unatutisha ili tukukodi wewe na bomba lako!"

Watu wakacheka. Donati hakucheka. Alikwenda zake, akanyunyizia shamba lake peke yake.

Viwavi wakaja baada ya mvua, weusi, wengi hadi njia haikanyagiki. Mahindi ya majirani yakabaki mabua. Agnesi, jirani aliyelala matangani kwake siku zote za msiba, akaja akatema mate mlangoni.

"Umetuua, Hildegarda. Wanangu wale nini, kuku wako?"

Bwana shamba Bryson alipofika, alikagua pakiti ya kile kipira, akatikisa kichwa.

"Hiki ni cha nondo wa pamba, mama. Ni ndugu na hao wako, lakini dume wa huku akinusa jike wa kule hashughuliki naye kabisa. Wewe ulikuwa unawaita wengine."

Hildegarda akaipokea pakiti, akaigeuzageuza. Mtego ulimwonyesha kila asubuhi unamwita nani, na yeye akamwaga jibu kwa kuku. Akatoka kuwaeleza majirani, wakampa mgongo. Harufu, nondo, pakiti, nani alitaka kusikia hayo na njaa iko mlangoni?

Kilibaki kipande kimoja cha mahindi yake ng'ambo ya kijito, ambako viwavi walikuwa hawajavuka. Hicho kikiliwa, nyumbani kwake hakuna chakula mpaka mavuno mengine. Alimchukia Donati vilevile, tena zaidi kwa kuwa alisema kweli, lakini alikwenda. Alimkuta uani, bomba mgongoni, majirani wamemzunguka wakimbembeleza.

"Shikamoo, shemeji."

Donati akakaza mkanda wa bomba begani.

"Kuna mtu amesalimia?" akawauliza wale wengine.

Hildegarda akapiga goti, mbele ya Agnesi, mbele ya wote.

"Shikamoo, shemeji. Naomba bomba."

"Marahaba," Donati akasema. "Dawa imeisha."

Kisha akawaambia wengine wamfuate, na alipompita pale chini, Hildegarda aliisikia dawa ikichezacheza ndani ya bomba.