Mbwa Aliyejua Kiswahili

Mwanangu, kaa kidogo kabla hujashuka kwenye duka la spaza kununua mkate. Kuna siku moja ya baridi ambayo sijakusimulia, na nimechoka kuibeba peke yangu. Usicheke nikizungumza kama mzee. Miaka yangu si mingi, ila wasiwasi umenizeesha. Unaniona mwenyewe ninavyofumua pindo la pazia ambalo mteja ameshalisifu.

Unakumbuka nilipokwenda Uingereza kumchukua bibi yako, shangazi yangu. Mumewe alikuwa amefariki, magoti yalikuwa yameanza kumsumbua, nasi tukamwambia aje Johannesburg. Joubert Park kuna watu wa kwetu, tukasema, na msikiti unafika kwa miguu. Akakubali kila kitu, kisha akataja jambo moja. Alikuwa na mbwa.

Mbwa mwenyewe mweupe, akiitwa Chumvi, ameachwa na marehemu. Asingeweza kukaa humu ndani, na mimi ndiye niliyelisema hilo kwenye simu, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. Basi rafiki wa marehemu, mzee wa Kiingereza wa kijiji cha pili, akajitolea kumlea. Siku ya kumpeleka mbwa, shangazi alikataa gari.

"Tutakwenda kwa miguu, mimi naye, kama tulivyozoea," akasema. "Wewe sindikiza tu."

Njia ilikuwa nyembamba, juu ya bahari yenye rangi ya sufuria kuukuu. Upepo ulipenya mpaka kwenye meno. Kijiji tulichokiacha kilikuwa kimya, vibanda vya kuuzia aiskrimu vimefungwa kwa mbao, moshi tu ukitoka juu ya nyumba. Mimi nilijifunza njia nzima kwenye simu usiku uliopita, kama ninavyojifunza kila kitu, peke yangu na kwa hofu. Nilikuwa napiga hesabu ya swala ya alasiri, maana mchana wa kule wakati wa baridi unakwisha kabla hujauzoea. Na nilikaa mbali na yule mbwa. Unajua tulivyolelewa Tanga: mbwa mkavu si neno, lakini aliyelowa akikugusa, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Chumvi alikuwa amelowa tangu tulipotoka mlangoni.

Tukafika penye ngazi ya mbao ya kuvukia ua wa malisho. Shangazi akapanda, akateleza, akaketi kwenye tope. Kamba ikamtoka mkononi, na Chumvi akawafuata ndege mbio hadi ukingoni mwa genge.

"Ngoja! Chumvi, ngoja!"

Akasimama, mwanangu. Kule mwisho wa ardhi, miguu ya mbele ikitetemeka, akasimama.

"Mshike!" shangazi akanipigia kelele. "Mshike huyo, unangoja nini?"

Nami nikautazama mkono wa koti langu. Sijui nilitazama kwa muda gani. Nilipoinua macho, shangazi alikuwa amekwishainuka na magoti yake yale mabovu, amekwenda, amempigia mbwa goti na kumkumbatia, maji na matope na yote.

Tukashika njia tena, naye akasema bila kunigeukia:

"Mimi nimeanguka, mbwa yuko ukingoni, wewe unakagua nguo."

"Shangazi, swala…"

"Swala naijua tangu kabla hujazaliwa. Nyuma ya mlango wangu kuna ndoo ya udongo. Hukuiona, wewe unayeona kila doa? Miaka yote nimeosha, sikuruka hata siku moja. Ila nilishika kwanza. Wewe unataka uishi bila kushika, usije ukalazimika kuosha."

Nikamfuata nyuma.

Kijiji cha pili kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza. Yule mzee alitungoja getini, amevaa sweta lililochanika kiwiko. Hapo ndipo nilipojua jambo lililonichosha kuliko njia yenyewe. Shangazi alianza kumfundisha mzee maneno. Njoo. Kaa. Ngoja. Chumvi hakujua amri nyingine, kwa sababu miaka yote ile ndiye aliyekuwa akizungumzishwa Kiswahili. Marehemu alijua "hujambo" tu. Shangazi hakuwa na mwingine wa kusema naye, na tulikuwa tumemwambia amwache.

"Nagoja," mzee akasema.

"Ngoja."

"Nigoja!" Akawa mwekundu, akajicheka mwenyewe, akarudia vilevile vibaya, kwa sauti zaidi. Chumvi akamtazama shangazi. Akamtazama yule mzee. Kisha akaketi miguuni pa mzee.

Shangazi akageuka upande wa bahari. Mimi nikavua glavu, nikaweka kiganja changu juu ya kile kichwa kilicholowa. Tuliporudi nyumbani kwake, shangazi ndiye aliyenimiminia maji, nami nikaosha kwa udongo wa ndoo ile.

Sasa bibi yako anakaa dirishani hapa kwetu, anatazama robot, taa ya magari, ikibadilisha rangi. Anakuuliza umeshindaje, unamjibu kwa Kiingereza, unapita. Juzi nilikuuliza sababu, ukasema, "Eish, Mama, Kiswahili changu kibovu, atanicheka." Niliumia, kwa sababu ugonjwa huo ni wangu. Ni mimi niliyekuwa nikikukatiza kila sentensi ili niisahihishe, mpaka ukaona afadhali kunyamaza. Nisamehe. Nitajizuia, ingawa siahidi kwamba nitaweza kila siku.

Nasaha yangu ni hii. Ukiona mtu anakuhitaji, mwendee ulivyo, na mikono uliyonayo na maneno uliyonayo. Utakosea, utachafuka, na kusafisha kupo, ila kuje baada ya kushika. Mimi nilitaka kufika kwa watu nikiwa sina kasoro, na nilichelewa kwa wengi.

Mungu akupe ulimi usioogopa na moyo mwepesi kuliko wangu. Akujaalie wa kukungoja popote utakapofika.

Haya, nenda kanunue mkate. Ukirudi usinipe mimi. Mpelekee bibi pale dirishani, umwambie chochote. Kikitoka kibaya, kirudie kwa sauti zaidi.