Gauni Safi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msiniulize mwaka. Jirani yangu hapa Kinyinya anajenga, na leo wameshusha miti mibichi ya mikaratusi mbele ya mlango wangu. Harufu yake imenikalisha chini.

Tulipokuwa wadogo tulipigana kwa panga za kuchezea. Wenzangu walikata uti wa jani la mgomba. Huo haumuumizi mtu, ila utomvu wake ukigusa nguo, doa haliondoki tena. Aliyepigwa alijulikana kwa madoa, na wote walicheka.

Mimi nilitaka kuwashinda wote. Nilichagua fimbo ya mkaratusi, nikaichonga kwa kisu cha mama mpaka ikawa laini kama sabuni. Ulikuwa upanga mzuri kuliko zote.

"Njooni basi!" nikawaita.

"Na huo? Huo unavunja mikono," msichana wa jirani akasema. "Pigana na ukuta, afande!"

Wakahamia nyuma ya migomba. Kuutupa upanga wangu niliona haya, basi nikasimama nao pale, nikisikiliza vicheko vyao mpaka tukaitwa kula.

Wenzangu walichapwa na mama zao kwa ajili ya madoa. Mama yangu alinigeuza mbele na nyuma, akasema, "Huyu ndiye mwenye akili. Tazameni gauni!" Nikalia, naye hakujua kwa nini.

Kwa hiyo nimewaamuru watu wa nyumba yangu: mtoto akirudi na doa la mgomba, asichapwe. Akirudi msafi, mniite.