Kitambaa Chekundu cha Chwaka

Mimi ndiye wa kwanza mtaani kwetu kurudi na diploma ya sanaa kutoka Ulaya, na nilijisomesha mwenyewe kwa kuosha vyombo. Mwezi uliopita nilifanya maonyesho Mji Mkongwe. Nilikuwa nimekwenda kwenye pango la mzimu karibu na Chwaka, nikafungua vitambaa vya nadhiri, nikavitundika ukumbini juu ya vyetezo vya ubani. Wageni walisifu sana. Nikawaambia kwamba vitambaa hivi havina mwenyewe, na maana yake nimeipa mimi.

Akaingia bibi mmoja, akakishika kitambaa chekundu.

"Shikamoo, bibi. Tafadhali usiguse."

"Marahaba. Hiki nilikifunga mimi, mwanangu alipoondoka mwaka wa Mapinduzi. Niliweka nadhiri akifungue mwenyewe siku akirudi. Juzi nimekuta hakipo, nikajua karudi. Nshapika na pilau, lakini nyumbani hakuja. Nikaambiwa vitambaa vimeletwa huku mjini."

Akawatazama wageni usoni, mmoja mmoja.

"Basi yuko wapi?"

Nikamwambia aliyekifungua ni mimi.