Mfungo Wangu wa Uongo

Nesi alirudia tena na tena kwamba si kansa. Ni seli za mlango wa kizazi zilizoanza kubadilika, akasema, na zikigandishwa mapema kwa baridi kali huisha. Kliniki ilikuwa juu ya duka la viatu katikati ya jiji, na kelele za wachuuzi zilipanda hadi pale nilipolala, magoti juu, nikitazama dari. Nilipomuuliza huanzia wapi, alinijibu ni virusi vya kuambukizwa kwa kujamiiana, karibu kila mtu huvipata, na huweza kukaa mwilini miaka mingi bila kujulikana. Mengine yote yalinipita. Nilibaki na hilo moja la kujamiiana.

Kabla ya mume wangu kulikuwa na mwanamume mmoja, enzi za chuo. Mume wangu alinikuta nimeokoka, akadhani wokovu wenyewe ulinikuta bikira. Sikumsahihisha.

Jumamosi hiyo nilikuwa Kenyatta Market kusukwa, wasusi wamenizunguka, kila mmoja ameshika upande wake wa kichwa. Wakamtaja jirani yao aliyekufa kwa kansa ya huko chini.

"Hiyo ugonjwa haikujangi tu hivyo," mmoja akasema. "Lazima ulikuwa unazurura."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, huku uso ukiniwaka moto.

Baada ya kugandishwa niliambiwa nisikutane na mume wangu kwa majuma kadhaa. Ningeanzia wapi kumwambia? Kanisani kwetu Uthiru, mke akisema amefunga, amefunga chakula na kitanda pia. Hakuna mwanamume aliyeokoka atakayebishana na mfungo. Basi nikamwambia nimefunga.

"Unaombea nini, mama?"

"Kuna jambo."

Aliitikia kwa heshima kabisa, wala hakunigusa. Nilijiona mjanja. Nilichosahau, mimi niliyekulia katika kanisa hilo hilo, ni kwamba mume mwema hamwachi mkewe vitani peke yake. Asubuhi yake alisukuma kikombe cha chai kando.

"Nimeingia na wewe," akasema.

Alikuwa fundi wa makabati, na siku hizo alikuwa na kazi kwenye jumba moja la Kitisuru. Yeye alishinda huko akibeba mbao na tumbo tupu. Mimi nilishinda ofisini mjini, na saa ya lunch nilikula chipsi, nikatafuna chingamu ili nisinuke vinega. Jioni tulipiga magoti pamoja kabla ya kula, naye akaomba kwa sauti: "Baba, chochote mke wangu anachokuomba, mpe." Nikasema amina. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alasiri moja wenzake walimleta na pikapu, mkono ukining'inia kwenye kitambaa alichofungwa shingoni.

"Mzee alishikwa na kizunguzungu kwa ngazi, akaanguka," walisema. "Siku mingi hakuli lunch. Tukimuuliza, anasema ako na mfungo ya bibi."

Walipoondoka nilimletea chai na mkate. Akakataa kwa mkono ule mzima.

"Ngoja jioni. Usijali mama, bado naendelea."

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikamwambia hakuna mfungo. Nikamwambia kuhusu kliniki, virusi, yule mwanamume wa chuo, hata chipsi. Nilisema yote nikitazama soksi yake iliyotoboka kidoleni, kwa maana uso wake sikuuweza.

Nilingoja aniulize jina la yule mwanamume.

"Ni mimi nilikuletea?" akauliza. "Kabla niokoke, mimi sikuwa mtu mzuri. Unajua?"

Sikujua. Sote wawili tulikuwa tumeokoka vizuri mno.

"Nesi amesema haiwezi kujulikana," nikamjibu.

Akavuta mkate. Akaula wote, akaomba mwingine, kisha akaniuliza, mdomo umejaa, "Hizo chips zilikuwa tamu?" Nikalia na kucheka pamoja.

Ningependa kusema aibu iliishia kwenye sahani hiyo. Nilirudi kliniki, nikaambiwa nimepona, niko huru na mume wangu. Mwili wangu haukusikia. Mara ya kwanza aliponikaribia nilijikaza mwili mzima, meno yakiwa yameumana, nikiwasikia wale wasusi wakicheka. Nilimwambia aendelee tu, ni haki yake. Akanyanyuka, akaketi ukingoni mwa kitanda, akiupapasa ule mkono uliokuwa umeumia.

"Wewe ndio unataka, ama unanilipa ile njaa?"

Nikageukia ukuta. Akarudi kulala kando yangu, akanifunika blanketi mabegani.

"Basi tungoje," akasema. "Lakini saa hii uniambie ni nini tunangojea."

Nikamwambia: kicheko cha wale wasusi kinitoke kichwani, na changu nilichocheka nao.