Redio Ilikufa Kila Jua Lilipotoka

Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu mimi ndiye ninayefungua karakana yetu hapa Gitega, Burundi. Nafagia, nafuta meza, nateleka chai, nawasha redio ndogo ya mama Josefina.

Siku ile nilikuwa nimeshika ufagio, mtangazaji anasoma matangazo ya vifo. Akamsoma wa kwanza. Akamsoma wa pili. Akafika kwa marehemu wa tatu.

Jina sikulisikia.

Ssssshhhh.

Nikaigonga redio mgongoni. Kimya, ule mvumo tu. Mara wingu likapita juu ya bati, karakana ikaingia giza kidogo, na redio ikarudi yenyewe: "...mazishi ni leo saa nane mchana."

Jua likatoka tena. Ssssshhhh.

Mama Josefina akaingia na kikapu chake. Yeye ni mtu wa Mutaho, lakini kama mimi alikulia Tanzania kwenye kambi ya wakimbizi, tukarudi nyumbani watu wazima. Kazi yake ni kulehemu.

"Imelda, redio yangu umeifanya nini?"

"Sijaigusa, mama. Jua likitoka inakufa. Likijificha inafufuka."

Akafanya ishara ya msalaba.

"Tangu nizaliwe sijaona redio inayoogopa jua. Izime, mwanangu. Isije ikaanza kututaja sisi."

Nilicheka kidogo. Lakini nilijua ni nini.

Ndugu zangu, acha niwaeleze ili tuwe pamoja.

Karakana yetu inatengeneza kontrola za sola, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri. Jua likiwaka, kontrola inachaji. Na ikichaji, inatoa kelele. Siyo kelele ya sikio. Ni kelele ya umeme, inayosambaa hewani na kwenye waya. Mtu haisikii. Redio inaisikia.

Jioni ya jana yake tulikuwa tumeunganisha kontrola arobaini mezani na paneli za juu ya bati kwa ajili ya majaribio. Usiku zilitulia. Asubuhi zilipoona jua, zote zikaamka pamoja.

Ndiyo maana ukitaka kuuza kifaa kama hicho nchi nyingine, unapeleka kwanza sampuli maabara ipimwe kelele yake. Ikifaulu, ndipo unapata haki ya kubandika lebo nyuma: jina la mtengenezaji, modeli, namba ya toleo, volti, na alama ya kwamba kimepimwa. Halafu mtu anasaini karatasi kuapa kwamba vyote vinavyouzwa ni sawa na kile kilichopimwa.

Mtu huyo nilikuwa mimi.

Sampuli yetu ya kwanza ilifeli. Ya pili niliitengeneza kwa mkono wangu. Nilienda sokoni kwa wauza vyuma chakavu, nikapata waya wa kompyuta mbovu, nikatoa ile pete nyeusi ya feriti inayomeza kelele. Nikaiweka ndani ya kontrola. Ikafaulu.

Pete ilikuwa moja. Nilizunguka soko zima, nyingine sikupata.

Bosi wetu anaitwa Bashizi, mtu wa Kivu ya Kusini kule Kongo, mwenye kicheko kikubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Majibu ya maabara yalipokuja alinishika bega.

"Mutoto yangu, umetuokoa! Sasa hizi zingine zote, iko vile vile?"

Nikaangalia viatu vyangu.

"Nta kibazo, patron."

Yaani, hakuna shida.

Najua mtanicheka. Lakini kwetu mtu mzima humwambii hapana usoni. Unasema hakuna shida kwa sauti ndogo, macho chini, na mtu mzima mwenye masikio anaelewa kwamba shida ipo. Anakuuliza mara ya pili, na hapo ndipo unamwambia. Bashizi amekaa Burundi miaka ishirini. Nilisubiri aniulize mara ya pili.

Hakuniuliza.

Akaniletea karatasi na kalamu. Nikasaini.

Basi asubuhi ile ya redio, nilijipa moyo nimfuate ofisini.

"Patron, labda tungengoja kidogo kabla ya kupeleka."

"Kungoja nini?"

Nikaangalia nje dirishani.

"Mvua... isije ikalowesha maboksi."

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mvua mwezi wa saba! Josefina, sikia huyu! Tunaondoka kesho, na we unakuja na mi Muyinga. Mukaguzi atapenda kuona fundi mwenyewe."

Kisha akasema kitu ambacho kilininyima hamu ya kula siku nzima.

"Unajua ziko zinaenda wapi? Kwa zahanati za kule ng'ambo, Ngara, Tanzania. Vijijini kabisa. Kule simu haishiki. Wanaita ambulansi na redio."

Na redio.

Nilirudi mezani kwangu. Mama Josefina alikuwa anabandika lebo, anazipapasa kwa kidole gumba kama anafuta machozi ya mtoto. Lebo arobaini za fedha, nzuri, zimenyooka. Zote zinasema kitu ambacho ni kweli kwa kontrola moja tu, ile sampuli, na hiyo niliambiwa imepotea njiani ikitoka maabara.

Nikafikiria mama mjamzito kwenye kijiji nisichokijua. Saa sita mchana, jua kali, muuguzi amebonyeza redio anaita. Anaita. Hakuna anayemsikia ila ule mvumo.

Nikafikiria pia watu kumi na mmoja wa karakana. Mama Josefina na watoto wake watano.

"Una homa?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

Kumbe hapana naiweza, mradi siyo ya muhimu.

Kesho yake tukashika barabara ya Karuzi kwenda Muyinga. Bashizi anaendesha, maboksi yamefunikwa turubai nyuma, mimi nimekaa na bahasha ya karatasi mapajani. Kwenye miteremko vijana wa baiskeli walikuwa wanatupita na mikungu ya ndizi kama mawe yaliyorushwa. Mara tatu nilifungua mdomo. Mara tatu Bashizi akanitangulia.

"We unaogopa nini, mutoto? Ukiulizwa, unasema oui, ndiyo. Njo kazi yako leo. Oui moja tu."

Nikaona ni maneno ya kunitia moyo. Sasa hivi nikiyakumbuka nywele zinanisimama.

Muyinga tulimkuta mkaguzi kwenye ghala la kupanga. Aliitwa bwana Othmani, Mtanzania, mwembamba, mwenye miwani na sauti ya upole. Wanunuzi walimtuma avuke mpaka akague kabla mzigo haujaondoka. Mezani alikuwa na bisibisi, muhuri, na ripoti ya maabara yenye picha za ndani ya sampuli.

Nilipoziona zile picha nilihisi nafuu, niseme ukweli. Nikajisemea, Imelda, umepona. Atafungua moja, hataona pete, mambo yataharibika yenyewe. Hutahitaji kusema chochote.

"Nipeni moja niifungue," akasema bwana Othmani.

Bashizi hakwenda kwenye maboksi. Alifungua mkoba wake mwenyewe.

"Hii hapa, chef, mukubwa wangu. Nimeitoa kwa boksi asubuhi, ili tusikucheleweshe."

Mkaguzi akafungua skrubu nne. Akainua kifuniko. Akaangalia picha. Akaangalia ndani.

"Pete ya feriti ipo. Kapasita zipo. Safi sana."

Nikasogea.

Niliijua ile lehemu. Ile nukta ya lehemu iliyomwagika kidogo pembeni ilikuwa yangu. Ile ndiyo sampuli iliyotoka maabara, ambayo niliambiwa imepotea njiani. Lebo yake ilikuwa mpya, imebandikwa juu ya gundi ya karatasi ya maabara.

Nikamtazama Bashizi. Alikuwa ananitazama, anatabasamu, kama siku zote.

Ndugu zangu, wiki tatu nilikuwa nalia peke yangu nikidhani nimemdanganya mtu mwema.

Bwana Othmani akachukua muhuri. Akaupumulia ili wino ulainike.

"Wewe ndiye uliyesaini tamko, dada Imelda?"

"Ndiyo, kaka."

"Hongera, kazi nzuri. Kwa ajili ya kumbukumbu tu: hizo zote kule nyuma ziko kama hii?"

Nje kuku alikuwa anakwaruza mchanga. Bashizi akakohoa, halafu akanisaidia:

"Sema oui, mutoto yangu. Chef ana safari."

Nikaweka mkono juu ya ile kontrola iliyofunguliwa. Sauti iliyotoka haikuwa nzuri. Ilikuwa kama ya mtu anayetapika.

"Hapana. Ni hii moja tu. Nyingine hazina pete. Jua likiwaka zitaziba redio zenu, na hakuna muuguzi atakayesikika. Nilisaini uongo."

Bwana Othmani akaweka muhuri chini. Hakupaza sauti. Akaenda kwenye maboksi, akafungua moja, akafungua la pili, kisha akaanza kung'oa lebo, moja moja, anazipanga kwenye karatasi.

Mzigo haukuvuka. Karakana ilifungwa wiki sita mpaka pete zikaagizwa na kila kontrola ikafunguliwa upya. Mama Josefina hakuitika salamu yangu siku tisa. Siku ya kumi alinipa kikombe cha chai, tukanywa.

Wengi wameniuliza nimejifunza nini. Nimejifunza kwamba upole siyo dhambi, lakini ukiwa mpole, chunguza kwa nini umepewa kiti ulichokalia. Mimi nilidhani nimepewa ile kalamu kwa sababu nimesoma. Jibu nilipewa mchana ule ule pale ghalani, mkaguzi akiwa ametupa mgongo anahesabu lebo. Bashizi alisogea karibu na sikio langu. Kisha, sijui kwa nini, akabadili mawazo, akalisema kwa sauti kamili, kila mtu akasikia:

"Pete iko moja, mi nilijua tangu siku ya kwanza. Josefina angenikatalia. Njo sababu nilichagua we: we hujui kukataa."