Kioo Kisicho na Jina

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa pipa. Lilikuwa pipa la chuma lililokaa chini ya mchirizi wa paa la bati, nyuma ya hospitali ya serikali huko juu Mbozi, na kazi yangu ilikuwa kulilinda lisiingie majani wala mavi ya njiwa. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita shule ya misheni, nimevaa kaptura iliyopigwa pasi ikakakamaa, na kijijini kwetu nilikuwa nimewatangazia wote kwamba nakwenda kuwa mganga. Basi nikawa mganga wa pipa.

Mkubwa wangu alikuwa Mwingereza mrefu mwenye kikohozi kisichoisha. Cheo chake kilikuwa Msimamizi wa Maabara, sisi tukimwita Bwana Maabara. Alinieleza kwamba rangi inayotumika kupaka damu ina maringo. Ukiichanganya na maji ya mto au ya kisima, yenye chumvi na udongo, chembe za damu hutoka za buluu tupu au nyekundu tupu, na mpimaji hapati kitu. Rangi ile ilikubali maji ya mvua peke yake.

"Maji mbaya, darubini nasema uongo," alisema. "Wewe chunga pipa, wewe chunga mgonjwa."

Nililichunga pipa miezi mitatu, nikiosha na vioo. Vioo ni vile vipande vyembamba ambavyo vijana wa leo mnaviita slaidi, kama mnavyoziita chembe seli. Siwagombezi, kila zama na maneno yake.

Mwezi wa nne alinifundisha damu. Tone kutoka ncha ya kidole hutandazwa juu ya kioo kwa ukingo wa kioo kingine, kwa mkono mmoja usiosita. Likikauka, jina la mgonjwa huandikwa kwa penseli juu ya damu yenyewe, upande ulio mzito, kwa sababu karatasi hubanduka na wino huoshwa na spiriti, lakini penseli ikishaikwaruza damu haitoki. Ndipo huja spiriti ya kuikaza damu, kisha rangi, kisha maji ya pipa langu. Siku niliyoinamia darubini mara ya kwanza niliduwaa. Maisha yangu yote nilidhani damu ni maji mekundu. Kumbe ni chembe, maelfu kwa maelfu, nyekundu za duara zilizobonyea katikati, na hapa na pale moja nyeupe yenye kiini cha zambarau.

"Unaona nini?" Bwana Maabara aliuliza.

"Malaria, bwana."

"Hapana. Malaria hapana onekana. Sema unaona nini."

Nikatazama tena. "Naona chembe nyekundu. Ndani yake kuna pete ndogo ya buluu yenye nukta nyekundu."

"Hiyo andika. Usiandike unajua. Andika unaona."

Alinipa na sheria nyingine mbili. Ya kwanza, kila kioo chenye ugonjwa nihesabu chembe nyeupe mia moja, maana hizo ndizo askari wa mwili, na aina zake hueleza habari za mwenye damu. Mashine ya kuhesabia hatukuwa nayo. Chembe yenye kiini kilichokatika vipande nilitia punje ya hindi ndani ya kopo, na chembe ndogo ya duara iliyojaa kiini nilitia haragwe. Kwa mtu mzima mahindi huzidi, kwa mtoto anyonyaye maharagwe huzidi. Sheria ya pili, kioo hicho kitazamwe tena asubuhi ya kazi inayofuata, kwa jicho lililolala. Jicho lililochoka, alisema, huona linachotaka.

Nikahamishiwa Tunduma, kupima wasafiri waliokuwa wakivuka kwenda migodi ya shaba ya Rodeshia, tukitafuta malale. Wale wa ng'ambo walinipa jina kwa neno lao la damu, wakinisalimu: "Mulishani, ba-mulopa!" Nami niliwatoboa vidole nikicheka nao. Hapo hapo Tunduma nilimwoa Eliza, binti wa kijiji cha Msangano, aliyekuja kwa shangazi yake kuuza ulezi.

Lazima niwaeleze jambo moja la desturi, la sivyo hamtaelewa kosa langu. Kwetu zamani mkwe hakumtazama mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mmoja aliingia porini mpaka mwenzake apite. Hakumshika mkono, hakula mbele yake, wala hakulitaja jina lake, hata kama jirani mwingine ana jina hilo hilo. Siku ya harusi yetu mama mkwe alikaa nyuma ya mlango, amejifunika kitenge kichwani, nikasikia sauti yake ikitubariki. Uso sikuuona. Siku hizi naona vijana wanapiga soga na wakwe zao kama rika moja, nami nashindwa kujua kama nacheka au naona wivu.

Baada ya vita kubwa ya pili nilipelekwa Ivuna, na darubini yangu ndani ya sanduku la mbao na madebe manne ya maji ya mvua, kwa maana Ivuna kila maji ni chumvi. Watu walikuja kiangazi kutoka pande zote, wakachuja udongo wa chumvi na kuyachemsha maji yake vyunguni wiki mbili tatu, kisha wakarudi kwao na mizigo. Walilala katika vibanda vya miaka nenda rudi, na sakafuni mwa vibanda hivyo walikaa papasi, wadudu wa jamii ya kupe. Homa ya papasi ina hila. Inakuja kwa kishindo, inaondoka, unasema nimepona, kisha baada ya siku chache inarudi, na kila ikirudi inakukuta dhaifu zaidi. Katika damu, mdudu wake huonekana kama uzi uliojikunja kati ya chembe. Dawa yake ilikuwa sindano kali ya mshipani, na kwinini haimfanyi kitu.

Jumamosi moja asubuhi dresa, mfungaji vidonda aliyekuwa mkuu wa kituo kile, alichungulia mlangoni kwangu akitabasamu.

"Ndugu yangu, mama yake Eliza yuko nje. Anatetemeka. Njoo umtoboe kidole."

"Unajua siwezi."

"Najua, ndiyo maana nacheka. Haya, nitamtoboa mimi. Jina utaandika wewe."

Akakileta kioo, akakiweka mbele yangu. Nilishika penseli. Nikaiinamisha juu ya damu ile. Mkono ukakataa kabisa. Niliona kama nikiandika, nitakuwa nimemwita kwa jina mbele ya hadhara. Nikasema moyoni, hiki nitakikumbuka, nikakitia kwenye chano kikiwa kitupu.

Asubuhi hiyo hiyo aliletwa mtoto wa miezi miwili, naye hakuwa na jina, kwa sababu babu yake wa kumpa jina alikuwa hajafika kutoka Mbangala. Ningeweza kuandika jina la mama yake. Lakini kimoja kilikuwa kitupu tayari, nikaona viwili havitanishinda. Uvivu ukishafunguliwa mlango huingia na ndugu zake. Vioo vikaenda kwenye spiriti, vikaenda kwenye rangi, vikatoka vyote zambarau, na nilipovipanga vikauke sikujua tena kipi ni cha nani.

Kimoja kilikuwa na pete za malaria. Kingine kilikuwa na uzi wa papasi. Ningetoka nje na kumwambia dresa amtoboe mama tena, ingekuwa dakika tano. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini, na wanawake wa Msangano aliokuja nao kwenye chumvi walikuwa wamekaa pale nje wote. Aibu ikanikalia. Jua lilikuwa linashuka, nikaacha hata kuhesabu chembe nyeupe. Nikafikiri badala ya kutazama. Mtoto analazwa sakafuni kutwa, basi papasi ni wake. Mama ametoka Msangano kwenye mbu, basi malaria ni yake. Nikaandika ninachojua.

Dresa akampa mama mkwe kwinini. Sindano ya mtoto ikangoja idhini ya Bwana Mganga, daktari wa serikali, maana dawa ile ilikuwa kali kwa kiumbe mdogo vile. Jioni homa ya mama ikashuka, wenzake wakashangilia, na Jumapili baada ya ibada wakajitwisha chumvi wakaanza safari ya Msangano.

Jumatatu asubuhi nilivitazama vioo vile kwa jicho lililolala. Nikaweka makopo, nikahesabu. Kioo chenye malaria, nilichokiita cha mama, kikanipa haragwe, haragwe, haragwe. Nilipofika sitini na kitu nikasimama. Nikageukia kile cha papasi, nilichokiita cha mtoto. Hindi, hindi, hindi. Damu ya mtu mzima! Mama wa mke wangu alikuwa njiani na homa iliyojificha, amebeba chumvi kichwani na kwinini isiyomsaidia, na ingemrudia porini.

Nilimweleza dresa. Hakucheka safari hii.

"Mtoto niachie mimi, atapata kwinini sasa hivi," alisema. "Wewe chukua baiskeli yangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha ya mwenzako."

Nilikanyaga pedali mpaka miguu ikafa ganzi. Saa saba za mchana niliwaona mbele yangu, wanawake saba kwa mstari, kila mmoja na mzigo, kila mmoja na kitenge, wote migongo. Hapo ndipo nilipotambua kitu kilichonivunja moyo. Sikumjua mama mkwe wangu. Nilizijua chembe zake za damu, sikuwahi kuuona uso wake.

Sikuwa na njia nyingine. Nikasimamisha baiskeli nikaita jina lake, lote, la ubatizo na la ukoo.

Mstari ukasimama kana kwamba nyoka amekatiza. Mmoja akaachia mzigo, akajifunika kichwa chote, akaketi chini akinipa mgongo.

"Mwulizeni huyo mtu," alisema kwa wenzake, "amelewa?"

"Mwambieni mama sijalewa," nikasema, nami nimeinamia ardhi. "Mwambieni nilikosea. Niliogopa kuandika jina lake, damu yake ikachanganyika na ya mtoto. Homa itarudi. Arudi Ivuna achomwe sindano, nampigia magoti."

Walinong'ona kitambo. Mmoja akasema hiyo ni laana, mkwe kumwita mkwewe barabarani. Mama akauliza, "Na huyo mtoto?"

"Ameshapewa dawa yake."

"Basi mwambieni atangulie."

Nilifunga mzigo wake wa chumvi kwenye baiskeli, nikaikokota mbele, naye akanifuata kwa mbali na mwenzake mmoja. Tuliingia Ivuna siku ya pili, na homa ilikuwa imeshaanza kumrudia. Dresa alimchoma sindano. Nilikaa nyuma ya ukuta wa udongo nikisikiliza pumzi zake. Sijawahi kuomba kama nilivyoomba siku ile. Baada ya juma moja damu yake ilikuwa safi. Niliihesabu mwenyewe, na mtoto naye alikuwa ananyonya vizuri.

Lakini aibu ya kumwita haikuisha kwa sindano. Ilitakiwa niende Msangano na kuku, tumle pamoja mimi na mama mkwe mbele ya wazee, na kuanzia hapo tungeruhusiwa kutazamana. Hakunikasirikia. Alimtuma Eliza: "Mwambie yule aliyeniita barabarani alete kuku. Nataka nimwone aliyenipigia kelele." Eliza aliniambia akicheka mpaka machozi.

Nikasema nitakwenda likizo. Likizo ikaja na ndui, nikarudishwa kazini. Nikapandishwa cheo, nikapelekwa masomoni pwani kujifunza kupima uboho, yale mafuta ya ndani ya mfupa ambamo chembe za damu huzaliwa. Kila mwaka Eliza alisema, "Baba Enoki, mama anakuulizia na kuku wako." Kila mwaka kulikuwa na vioo vinavyoningoja. Niliposhika kuku mkononi hatimaye, jogoo mwekundu, ilikuwa kwenda kwenye msiba. Moyo wa mama ulisimama akiwa shambani. Walipomfunua tumuage nilibaki nje. Sikuwa nimepewa ruhusa ya kumtazama, na hakubaki wa kunipa.

Sasa nimestaafu miaka mingi. Eliza naye ametangulia. Mjukuu wangu yuko maabara, ana mashine inayohesabu chembe kabla sijamaliza kuvuta pumzi, na nafurahi, kwa sababu mashine haina mama mkwe. Hata hivyo naitamani harufu ya spiriti asubuhi, na mlio wa hindi ukidondoka koponi. Namtamani Bwana Maabara na kikohozi chake. Zaidi ya wote namtamani mtu ambaye sura yake sina hata ya kuikumbuka. Usiku wa ndoto zangu huja amenipa mgongo.

Kioo chake ninacho, kwenye kiberiti kilichotandikwa pamba. Macho yangu yana mtoto wa jicho, siwezi tena kukitazama, lakini najua kilichomo. Mna chembe zake, na uzi wa papasi uliotukutanisha, na ndicho kitu pekee cha mwili wake nilichowahi kukiona. Jioni ya mazishi nilikitoa, nikachonga penseli, nikaandika juu ya damu, upande ulio mzito, kama nilivyofundishwa.

Yunisi Nalwimba.

Haijatoka mpaka leo.