Kigoda Kilichomng'ang'ania Mshenga

Enzi zetu, kabla viti vya plastiki havijaipanda milima ya Uluguru, niliamini kwa roho yangu yote kwamba kigoda kisichopakwa mafuta hukumbuka kuwa kilikuwa mti. Kikikumbuka, huota mizizi, na atakayekutwa amekikalia, basi tena, ataletewa chakula palepale hadi uzeeni. Habari hizo nilizipata kwa binamu yangu Shomari, aliyenizidi miaka mitatu ya umri na thelathini ya uongo. Alinionyesha hadi kisiki nyuma ya msikiti. "Unakiona kile? Alikuwa fundi cherehani." Mwaka mzima nilikuwa nakipa kisiki kile shikamoo.

Kwa hiyo pale Matombo, kwa Bibi mzaa mama, hakuna mtoto aliyeipenda kazi ya dawa ya mbao kama mimi. Vijana wa siku hizi wananunua kopo dukani, wanapuliza, wanapiga chafya, kazi imekwisha. Bibi alichemsha masega ya nyuki kwenye maji, akachuja kwa kipande cha kanga iliyochakaa, akaacha yapoe hadi nta igande juu kama chapati, asali na takataka zikabaki majini. Kisha nta ukubwa wa ndimu iliyeyushwa taratibu kwenye makaa pamoja na mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, na karafuu mbili tatu. Nyumba nzima ilinukia Idi! Tulipaka miko, kinu, mbuzi ya kukunia nazi, vigoda. Kesho yake tukafuta hadi ubao ung'ae. "Ubao unashiba kama mtu," Bibi alikuwa akisema. "Ukishashiba, usiulazimishe."

Basi ikaja posa ya mama mdogo Mwajuma. Alimpenda kijana mmoja wa Gairo, muuza karanga, na kijiji kizima kilijua, maana alikuwa akiimba hadi akichota maji. Lakini kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na Mjomba hakuwa na hamu na watu wa mbali. "Likitokea neno moja baya, upande wowote," alisema, "warudi na karanga zao." Mama mdogo akaacha kuimba.

Asubuhi ya siku yenyewe, mama yangu wee, nikakuta kigoda cha mgeni kimekauka kau! Mshenga akiotewa mizizi, Mama mdogo ataolewa na nani? Nta ilikuwa imekwisha, ila nikaona sega zima kwenye bakuli. Kuchemsha? Kuchuja? Nani ana muda! Nikaliponda na asali yake, nikachanganya na mafuta, nikapaka tabaka tatu, na ya nne kwa usalama. Kikameta kama kioo. Nikajipongeza.

Mshenga alikuwa mzee mnene, kanzu nyeupe pe. Akakaribishwa, akakaa. Mazungumzo yakaenda vizuri, ila wakaja nzi, wakafuata sisimizi, msafara kutoka wilaya zote za Morogoro. Mzee akavumilia kiungwana. Alipoinuka kumpa Mjomba mkono, kigoda kikainuka naye.

Nikapiga ukunga: "Msimvute! Mtakata mizizi!"

Mjomba akakunja uso. Nyuma ya pazia nikamsikia Mama mdogo: "Ewe Mola, mtoto huyu!"

Mshenga akajipapasa nyuma, akalamba kidole.

"Asali," akasema. Akacheka hadi kofia ikaanguka. "Mzee mwenzangu, nimepeleka posa nyumba nyingi. Nyumba ambayo hata kigoda hakitaki mgeni aondoke, ndiyo kwanza naiona. Tupeni binti!"

Mjomba akajikaza, akashindwa, akacheka naye. Na Mjomba akishacheka, hana tena uso wa kukataa.

Nilichapwa, bila shaka, lakini katika vicheko vile hakuna aliyekumbuka kunieleza ukweli. Nikakua na uongo ule ule wa Shomari. Nina ndevu, mume wa mtu, nasoma masomo ya jioni mjini, mwalimu wa biolojia akauliza mizizi huotaje. Nikanyoosha mkono, nikalieleza darasa habari za vigoda. Watu wazima arobaini walilala chini kwa kicheko. Mtihani nilifaulu hata hivyo, eleweni.

Juzi nilikwenda Gairo kumsalimia Mama mdogo. Wajukuu zake wamekalia plastiki, kila mmoja na simu; mtoto wa leo ukimdanganya, anakuhakiki kabla hujafika nukta. Sisi uongo mmoja ulitutosha utoto mzima, na mikono yetu ilinukia karafuu. Mama mdogo alikuwa peke yake barazani, anasugua mwiko kwa nta. Nikamuuliza, nusu utani, nusu si utani, kama ni kweli kabisa ubao hauwezi kurudi kuwa mti.

Hakucheka. Aliugeuza mwiko, akaendelea kusugua.

"Ubao ukishakauka hauoti, baba," akasema. "Unapasuka tu."